Chatu wa Kijani Hafugwi kwa Picha

Tangu nirudi Morogoro kutoka Ujerumani, nilikokaa miezi mitano kwa mafunzo ya vitendo kwenye kliniki ya wanyama, picha moja iliyomo kwenye simu yangu imetembea magrupu mengi kuliko mimi mwenyewe. Ni picha ya nyoka wa kijani kibichi, kijani cha jani la mgomba lililonyeshewa, amejikunja juu ya tawi mizunguko mitatu na kichwa amekilaza katikati kama mtu anayesinzia juu ya mikono yake. Wengi wameniuliza kama ni wa plastiki. Wachache wameuliza bei. Na kuna mwenzetu wa mwaka wa tatu alikuja hadi chumbani na daftari, hesabu imeshapigwa: nyoka mmoja Ulaya anauzwa dola mia kadhaa, jike anataga mayai kama 20, zidisha, toa gharama za panya. "Kaka, hii inashinda kuku wa mayai."

Sikumjibu siku ile kwa sababu jibu ni refu na usiku ulikuwa umeenda. Nalitoa hapa, maana nimegundua hayuko peke yake mwenye hesabu hizo. Halafu ndani ya jibu kuna mambo ya utabibu ambayo sisi wa tiba ya wanyama tunayapitia kwa haraka, na ni haki yetu kuyapitia kwa haraka: nchi inakula ng'ombe na kuku, hailiwi nyoka hapa.

Tuanze na mnyama mwenyewe. Jina lake la kisayansi ni Morelia viridis. Kwao ni kisiwa cha New Guinea na visiwa vya jirani kama Aru na Biak, pamoja na ncha ya kaskazini ya Australia, rasi ya Cape York. Afrika hayupo. Nyoka wa kijani unaowaona kwenye miembe na mikorosho ya Pwani si ndugu zake, na baadhi yao wana sumu ya kuua. Huyu ni chatu. Sumu hana, anaua kwa kubana. Ila usimfikirie yule chatu wetu wa kumeza mbuzi. Huyu akikua sana ni mita moja na nusu hivi, uzito kilo moja na ushee. Mwaka 2020 watafiti walipendekeza agawanywe aina mbili: wa kusini mwa milima ya kati ya New Guinea wabaki na jina la zamani, na wa kaskazini waitwe Morelia azurea. Kwa daktari tofauti hiyo si kubwa. Kwa muuzaji ni kubwa sana, kwa sababu bei inafuata jina la kisiwa.

Watoto wake hawazaliwi kijani. Wanaanguliwa njano kama ndizi mbivu, au wekundu wa tofali, na wanageuka wakifika nusu mita na kidogo. Wengine, kwa damu zao, wanaishia na madoa ya bluu au bluu karibu mwili mzima. Hapo kwenye bluu ndipo dola mia zinapogeuka maelfu, na ndipo akili za watu zinapopotea.

Sasa ugumu wake uko wapi? Kwa maoni yangu unaanzia hapa: ni mnyama asiyefanya kitu. Mchana kutwa yuko kwenye tawi lilelile. Usiku anashusha kichwa, ananing'inia, anangoja panya apite chini. Asipopita, anangoja kesho. Mwili wake umeumbwa kwa maisha ya kungoja, unatumia kidogo mno. Binadamu hawezi kuvumilia hilo. Akimwona nyoka ametulia siku nne anadhani ana njaa, anampa panya. Wiki ijayo tena panya. Nyoka naye hakatai, maana porini akikataa hajui lini atapata mwingine. Chatu mzima anatosheka kabisa na panya mmoja wa saizi ya kawaida kila wiki mbili tatu, hata mwezi.

Matokeo yake niliyaona wiki ya kwanza. Jike mnene aliletwa na kitu chekundu kinaning'inia chini ya mkia, ukubwa wa dole gumba. Ni sehemu ya mwisho ya utumbo, imetoka nje kwenye tundu la haja. Kwa chatu hawa ni tatizo linalojulikana sana. Anakula mno, hatembei, maji mwilini ni machache, kinyesi kinakaa tumboni wiki kadhaa kinakauka, na siku akikisukuma anasukuma na utumbo wenyewe. Daktari alinituma sukari. Nikacheka, kwa sababu ni sukari ileile tunayomwagia kizazi cha ng'ombe kikitoka baada ya kuzaa: inavuta maji, uvimbe unapungua, kinarudi ndani kwa urahisi. Tukakisafisha, tukapaka jeli, tukarudisha taratibu, tukashona nyuzi mbili za muda ili kisitoke tena. Mwenye mnyama aliandikiwa: punguza chakula, ongeza maji, ongeza matawi ili atembee. Wakichelewa kuja, utumbo unakauka, unaoza, na kinachofuata ni upasuaji wenye matumaini madogo.

Jambo la pili ni unyevu, na hapa wasomi ndio wanaokosea zaidi kuliko watu wa kawaida. Wamesoma kwamba anatoka msitu wa mvua, basi wanapuliza maji ndani ya tangi la kioo asubuhi, mchana na jioni. Lakini msitu una upepo. Mvua inanyesha, kisha majani yanakauka. Ndani ya kioo hewa haitembei, maji yanakaa, ukungu na bakteria wanapata nyumba. Ngozi ya tumbo inatoka malengelenge, mapafu yanafuata. Wengine wakiogopa hilo wanamkausha kabisa, naye gamba linakwama wakati wa kujivua. (Hapa kwetu mwaka 2011 kujivua gamba kulikuwa msemo wa siasa, kwa nyoka ni shughuli ya kweli, na akiwa na afya gamba linatoka lote, kipande kimoja kama soksi, pamoja na vile vioo vinavyofunika macho.) Asiyepata maji ya kutosha anaharibika figo pia. Nyoka hakojoi maji kama sisi, anatoa uchafu mweupe mithili ya chokaa. Mwili ukikauka, chokaa ile inaganda kwenye figo na viungo, na hiyo ndiyo gauti yake.

Dawa ni kulowesha na kukausha. Puliza jioni hadi matone yasimame juu ya mizunguko ya mwili wake, naye atayanywa hapohapo juu ya magamba yake, kisha acha paenda pakikauka mpaka kesho yake. Unyevu upande na kushuka, kama kati ya asilimia 50 na 80, na matundu ya hewa yawepo.

Joto nalo si la kubahatisha. Nyoka hajitengenezei joto. Analichagua kwa kusogea. Kwa hiyo upande mmoja wa sanduku uwe nyuzi 30 au 31, mwingine 25 au 26, na usiku pashuke kidogo. Ukimpa joto moja kila mahali umemnyima uchaguzi. Akiwa na baridi chakula kinaozea tumboni badala ya kumeng'enywa, anatapika, na kinga yake inalala. Hata dawa haifanyi kazi sawasawa kwenye nyoka wa baridi. Wenzangu wanasema hapa kwetu joto ni la bure. Ni la bure, ndiyo, lakini halina kipimo: tangi la kioo mchana wa Desemba, dirisha limefungwa, linaua nyoka ndani ya saa chache, na usiku wa Julai chini ya Uluguru umeme ukikatika hadithi inageuka upande wa pili.

Kuhusu kumshika, kifupi: usimshike. Mtoto wake ni mwembamba kama penseli, urefu wa rula, na anajifunga kwenye kijiti kwa mkia. Ukimvuta, kinachoachia kwanza si mkia bali uti wa mgongo. Jeraha linaweza lisionekane leo. Baadaye unaona mkia una kona, na mwenye kona kwenye mkia anaweza kuishia kushindwa kutoa kinyesi. Wafugaji wazoefu hutumia vijiti vinavyochomoka, wanamhamisha nyoka pamoja na tawi lake. Kliniki nasi tulikuwa tunawaambia kwenye simu: mlete na tawi. Nimewaona watu wazima wanashuka kwenye basi wamekumbatia boksi lenye kijiti kimetokeza.

Na wale watoto 20 wa kwenye daftari? Wengi hawajui kwamba panya ni chakula. Baada ya kujivua gamba la kwanza, kila mmoja anakaa kwenye kisanduku chake, na kila mmoja inabidi ashawishiwe usiku kwa koleo refu: unamgusagusa na kitoto cha panya kisicho na manyoya mpaka akasirike aume, kisha utulie kama jiwe ili asiachie. Akikataa, unakipaka kitoto cha panya harufu ya kifaranga cha kuku. Akikataa tena, unarudi baada ya siku kadhaa. Kuna wanaokataa wiki nyingi, na kuna wanaokataa mpaka wanakufa. Mfugaji mmoja aliniambia kuku anakula huku wewe umelala, chatu mdogo anakula wewe ukiwa umekesha.

Yote hayo mtu mwenye bidii anayaweza. Kinachonitisha mimi ni mapafu.

Nyoka hana kiwambo, ule msuli unaotenganisha kifua na tumbo kwetu. Anapumua kwa misuli ya mbavu, na kwa sababu hiyo hawezi kukohoa kama sisi. Pafu lake la kulia ni mfuko mrefu. Sehemu ya mbele inabadilisha hewa, ya nyuma ni kama puto tu. Kamasi likishuka humo halina mlango wa kutokea. Kwa hiyo dalili ukiziona zimeshachelewa: anainua kichwa juu, anafungua mdomo, mate ya kamba yanavuta, ukisogeza sikio unasikia mluzi au mapovu. Kwa miaka mingi hali hii ilihesabiwa kuwa baridi na bakteria. Mnyama anapewa sindano za antibayotiki, anapata nafuu kidogo, anarudi tena, anakufa.

Mwaka 2014 ndipo makundi tofauti ya watafiti yalipochapisha kwamba kwenye mapafu ya chatu wa aina nyingine kuna kirusi kisichojulikana kabla, cha kundi linaloitwa nidovirusi. Mwaka 2017 watafiti wa Uswisi wakakieleza kwa chatu wa kijani: utando wa ndani wa mapafu unanenepa, kamasi linajaa, mnyama anazama akiwa nchi kavu. Oda yake ya virusi ni ileile ya korona, ingawa ni familia nyingine na ni ugonjwa wa reptilia. Kipimo chake mtakikumbuka wenyewe: kijiti cha pamba kinywani, kisha PCR maabara. Chanjo hakuna. Dawa ya kukiondoa hakuna. Antibayotiki inayotolewa ni ya kuzuia bakteria wanaodandia, kila baada ya siku tatu, na sindano inachomwa nusu ya mbele ya mwili kwa sababu damu ya nyuma inaweza kupita kwenye figo kwanza.

Ubaya wa kirusi hiki ni kwamba nyoka anaweza kukibeba miezi mingi, anakula vizuri, rangi inang'aa. Nilikuwepo alipokuja dereva mmoja wa tramu, mtu wa makamo, mpole. Alikuwa na chatu 11 aliowakusanya kwa miaka 14. Akanunua wa 12 kwa mtu binafsi, dume mwenye bluu shingoni, mzuri kweli. Alimweka kwenye sanduku lake peke yake, lakini chumba ni kilekile, koleo la kulishia ni moja, na vikombe vya maji vinaoshwa sinki moja. Karantini ya miezi mitatu, ambayo ndiyo kiwango cha chini, aliona haina haja kwa mnyama mzuri namna ile. Wiki ya tisa, jike wake mkongwe akaanza kuinua kichwa.

Tulichukua sampuli 12. Saba zilirudi na kirusi, likiwemo dume jipya, ambalo halikuwa na dalili hata moja.

Daktari alimweleza njia zilizopo. Wanaoteseka wapumzishwe. Waliobaki na kirusi watengwe maisha yao yote, na chatu hawa wanaweza kuishi miaka 15 hata 20. Wasiuzwe, wasizalishwe, wasiazimwe. Waliosafi wapimwe tena na tena. Yule baba alikaa kimya, kisha akauliza kama anaweza kuwa chumbani nao wale wawili wakati wa sindano. Tulimruhusu. Wale watano wenye kirusi aliwahamishia chumba chake cha kulala, yeye akahamia kwenye kochi sebuleni. Mtu atasema ni ukichaa wa wazungu. Mimi nasema ni uungwana, maana njia rahisi ilikuwepo na wengi wanaifuata: unawauza kimyakimya wangali wanang'aa, ugonjwa unakuwa wa mwingine. Bila shaka ndivyo dume lile lilivyomfikia yeye.

Kuna na ugonjwa mwingine wa virusi, unaoingia hadi ubongo. Jamii ya boa wanaweza kuubeba muda mrefu bila shida inayoonekana, chatu akiupata anaporomoka haraka. Kwa hiyo boa na chatu hawafugwi chumba kimoja, hata kama wanapendeza pamoja. Wapo pia utitiri, vidudu vyeusi vya kuonekana kwa shida, wanaofyonza damu chini ya magamba. Na kwa upande wetu binadamu, reptilia wengi hubeba salmonela matumboni bila kuugua. Hebu fikiria hosteli yenye sinki moja kwa vyumba sita.

Nirudi kwenye hesabu za daftari, maana kuna mstari haumo. Hao nyoka wanaouzwa wanatoka wapi? Indonesia inaruhusu kuuza nje chatu wa kijani waliozalishwa mashambani, si wa porini. Kati ya 2009 na 2011 watafiti Jessica Lyons na Daniel Natusch walizunguka kwa wafanyabiashara wa Maluku na Papua, wakahesabu chatu wa kijani 4,227 waliokamatwa porini. Makisio yao ni kwamba angalau asilimia 80 ya waliosafirishwa kwa jina la "waliozaliwa shambani" walikuwa wa porini. Karatasi inasema shamba, nyoka anasema msitu. Walipendekeza wauzaji watakiwe kuonyesha maganda ya mayai, kwa kuwa mtu anaweza kughushi cheti, ila ganda la yai la nyoka ambaye hakumwangua hana pa kulitoa.

Kwa daktari jambo hili si siasa. Nyoka wa porini anafika Ulaya na minyoo, amekauka, ana majeraha ya pua kwa kugonga boksi, ametoka kwenye ghala lenye wanyama wa kila aina wanaopumuliana. Mnunuzi anaambiwa ni mtoto wa shambani, kwa hiyo hampimi. Mzunguko wa magonjwa unaanzia hapo.

Na sisi wa Morogoro hatuna haki ya kuwashangaa watu wa Papua. Kule Kimboza, msitu wa hifadhi wa kama kilomita 4 tu za mraba, kuna mjusi mdogo anayeishi kwenye majani ya mkadi, Lygodactylus williamsi. Dume lake ni bluu ya umeme. Utafiti uliochapishwa 2012 ulieleza kwamba kati ya Desemba 2004 na Julai 2009 kundi moja tu la wakamataji lilitoa mijusi kati ya 32,000 na 42,000, karibu asilimia 15 ya wote waliokuwepo. Namna mojawapo ya kuwapata ilikuwa kukata mkadi wenyewe. Walikwenda kwenye matangi ya kioo Ulaya, Marekani na Japani. Mwaka 2016 nchi za CITES zikakubaliana kumweka kwenye orodha ya kwanza, ambayo inazuia biashara ya wa porini. Mei mwaka huohuo serikali yetu ilikuwa imeshasimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi.

Kwa hiyo anayetaka kuleta chatu wa kijani Morogoro ajue kwamba chatu wote wako kwenye orodha za CITES, anahitaji vibali vya kutoka kule na vya kuingia hapa, na ajue kuwa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 2009 inadai leseni kwa kufuga wanyamapori hata wa kwetu. Anayetaka kujifunza tiba ya nyoka bila kununua, wapo chatu wetu wenyewe wanaokutwa mashambani na kupigwa majembe. Mapafu yao ni yaleyale, sindano inachomwa palepale mbele, na sukari inafanya kazi ileile. Kimboza nayo iko njia ya Matombo. Ukipata ruhusa ya watu wa misitu unakwenda na kurudi siku hiyohiyo. Tembea polepole kwenye mikadi kabla jua halijawa kali, na simu iwe na chaji.